Nilivua miwani, mdogo wangu akakataliwa: huduma ya leza ya macho nilivyoiona

Mimi ni mpambaji wa mabibi harusi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na miwani niliivaa tangu darasa la tano mpaka nikatimiza miaka 36. Sasa ni mwezi wa nane tangu nifanyiwe leza ya macho Nairobi. Kila nyumba ya harusi ninayoingia naulizwa yale yale: iliuma? ni pesa ngapi? na mimi nikafanye? Majibu yangu huwa nusu nusu kwa sababu mkono wa bibi harusi unanisubiri, kwa hivyo nimeona niyaandike yote, yaliyonipendeza na yaliyonikera.

Nambari ya miwani ya jicho langu la kulia ilikuwa -4.75 na ya kushoto -5.25, yaani mbali sioni. Mtu akisimama upande wa pili wa kichochoro, na vichochoro vyetu mnavijua vilivyo vyembamba, nilimtambua kwa mwendo na sauti, uso wake ulikuwa ukungu. Navaa ninja, kile kitambaa cha kufunika uso, na aliyewahi kuvaa ninja na miwani kwenye joto la Kaskazi anajua: pumzi inapanda, vioo vinaingia mvuke, unasimama katikati ya njia punda anakuja mbele yako. Mashua ya Shela ikipigwa na wimbi, chumvi inakaukia kwenye vioo. Lenzi za kuvaa machoni nilizitumia miaka sita, nikaishia na macho mekundu kila jioni.

Lakini macho hayo hayo ndiyo yaliyonilisha. Mtu wa -5 akivua miwani anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 mbele yake, wazi kabisa. Hina yangu yote nimeichora hivyo: navua miwani, nainamia mkono mpaka harufu ya karafuu iliyo ndani ya hina inanijaa puani, naona kila mstari unapogusa mstari mwingine. Hili nalitaja mapema kwa sababu ndilo ambalo kliniki ya kwanza haikuniuliza kabisa.

Kliniki hiyo siitaji jina. Tangazo lao nililiona kwenye simu, nikawaandikia. Waliniuliza nambari ya miwani yangu na tarehe ninayotaka, basi. Nilipowaambia mdogo wangu wa miaka 22 naye anavaa miwani, -3 tu, wakanipa bei nafuu ya watu wawili na kunitaka nitume nusu ya pesa ili nafasi zisichukuliwe. Walisema vipimo vitafanywa asubuhi ile ile ya operesheni. Nikatuma. Nilitafuta pesa hizo kwa hina na piko, usiku mpaka usiku, na nilituma.

Aliyenizindua ni mpimaji wa miwani wa Malindi. Nilikuwa huko kwa kazi ya harusi, nikapita kwake ili niende Nairobi na nambari mpya. Alipojua ninakokwenda aliweka chini kipimo chake akaniuliza, “Dada, konea umepimwa unene? Ramani yake umeiona?” Nikamwambia sijui konea ni nini. Akanieleza kwa subira. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, kinachoonekana kama maji juu ya mboni. Leza haigusi kitu kingine chochote: inakipunguza kioo hicho, inakipa umbo jipya, ili picha iangukie mahali pake nyuma ya jicho. Nambari ya miwani inaeleza unahitaji kiasi gani cha kupunguzwa. Haielezi kama kioo chenyewe kina cha kupunguza. Akaniambia pia kwamba lenzi zinabonyeza konea, hivyo nizivue wiki mbili kamili kabla ya kupimwa, la sivyo ramani itadanganya. Lenzi ngumu zinataka muda mrefu zaidi ya huo. Kliniki yangu haikuwa imeniuliza kama navaa lenzi.

Niliomba pesa zangu. Walirudisha nusu ya ile nusu, na mpaka leo sijaisamehe.

Hospitali ya pili, Nairobi pia, haikutaka shilingi ya operesheni. Walitaka ada ya uchunguzi peke yake, na uchunguzi ulichukua asubuhi nzima. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo pesa zangu zilipofanya kazi.

Kwanza karatasi nyembamba iliyokunjwa ncha, ikatundikwa ndani ya kope ya chini dakika tano, kuona machozi yatailoesha mpaka wapi. Jicho kavu likifanyiwa leza linazidi kukauka, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya konea inakatwa na inachukua miezi kuota tena. Kisha chumba cha giza, wakapima upana wa mboni. Kisha mashine yenye duara za mwanga, moja ndani ya nyingine. Unaweka kidevu, unakodoa, na kwenye kioo cha kompyuta inatokea ramani ya rangi kama ya milima na mabonde. Ndiyo konea yako. Mwisho matone ya kupanua mboni wachungulie nyuma ya jicho, maana wenye -5 na zaidi huwa na retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, iliyovutika, na leza haiondoi hatari hiyo hata ukivua miwani. Nilitoka nikiona kila taa inachoma.

Konea yangu ilikuwa na maikroni 548, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alichukua kalamu akanifanyia hesabu mbele yangu. Kifuniko chembamba cha konea kitakachokatwa juu na kufunuliwa ili leza ipite: 110. Kitakachoondolewa na leza kwa nambari yangu: karibu 75. Kinachobaki chini: 363. Akasema hashuki chini ya 250 kwa mtu yeyote, na yeye mwenyewe hupenda kibaki zaidi ya hapo. Katika safari yote hii sijaona kitu kilichonituliza kama karatasi ile yenye kutoa na kujumlisha. Ninayo mpaka leo.

Akamwita mdogo wangu.

Nambari yake ni ndogo kuliko yangu, sote tulidhani yeye ndiye rahisi. Daktari aliigeuza kompyuta upande wetu. Ramani yangu ilikuwa na rangi zilizotulia, juu na chini zikilingana. Yake, chini ya katikati, ilikuwa na doa jekundu kama mahali ndizi ilipobonyezwa. Unene wake 486. Daktari akamuuliza, “Unafikicha macho?” Mimi nikajibu kabla yake, kwa sababu tangu mtoto ana mzio, anafikicha kwa viungo vya vidole mpaka mama anampiga mkono. Daktari akatueleza kwamba konea yake inaonyesha dalili za mapema za keratokonasi, yaani kioo kinachodhoofika na kuchomoza mbele kama koni, na kwamba kufikicha kunahusishwa sana na ugonjwa huo. Kuipunguza konea kama hiyo kwa leza ni kuondoa mbao kwenye jahazi ambalo tayari linavuja. Inaweza kuendelea kuchomoza kwa kasi, na mwisho mtu akahitaji kupandikizwa konea ya marehemu.

“Wewe sikufanyii,” alimwambia. “Si leo, wala si mwakani.”

Mdogo wangu alilia palepale. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba ambao ndani yake kulikuwa na risiti ya kliniki ya kwanza, ile ya bei nafuu ya watu wawili. Nikipita mahali usiku nikaikumbuka, miguu inakosa nguvu. Wangemlaza. Wanasema wangempima asubuhi ile, lakini mtu aliyekwisha kuchukua pesa yako na kukupangia kitanda, je, angesema hapana?

Walimpa matone ya mzio, wakamkataza kabisa kufikicha, na kumpangia kipimo kingine baada ya miezi sita. Ramani ikionyesha doa limekua, kuna tiba ya kuiimarisha konea: matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, ili nyuzi zake zishikane. Tiba hiyo inazuia isiendelee tu, haimvulishi miwani. Walimtoza ada ya uchunguzi basi, na ile ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Kwangu mimi daktari aliuliza kazi yangu. Nilipomwambia hina, akatulia. Akaniambia leza itanipa mbali, lakini ule uwezo wangu wa sentimita 20 utaondoka na hautarudi. Tena, mtu akipita miaka 40 na kitu, lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu na anahitaji miwani ya kusomea. Leza inafanya kazi kwenye konea, haiigusi lenzi hiyo. Mwenye -5 anaponea hapo kwa kuvua miwani yake. Aliyefanyiwa leza haponei. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akanivalisha fremu nzito ya majaribio yenye nguvu kamili ya kuona mbali, akanipa kalamu na karatasi, akasema, “Nichoree ua unalomchorea bibi harusi.” Nikachora. Niliweza, ila mkono ulikuwa mbali kuliko nilivyozoea, na mistari ya ndani kabisa ya ua ilinichosha. “Hivyo ndivyo utakavyokuwa,” akasema. “Kalale, ufikirie.”

Alinipa pia njia ya pili: jicho moja liachwe na nambari kidogo, lisaidie karibu, la pili lione mbali. Nikajaribu fremu hiyo nikapanda na kushuka ngazi za pale. Nikaona kina cha ngazi kinanidanganya. Nyumba yetu ni ya mawe, ngazi zake ni za kusimama kama ukuta, na mimi ndiye ninayembeba bibi yetu kumpandisha darini. Nikachagua macho yote mawili yaone mbali, nikajua nitakuja kuvaa miwani ya karibu. Nilichagua nikijua, na hilo naliandika kwa wale wanaofanya kazi za karibu, washonaji wa kofia, wachoraji wa milango, mafundi wa simu. Ombeni mjaribiwe na kazi yenu mkononi.

Operesheni yenyewe ni fupi kuliko foleni ya benki. Matone ya ganzi, hakuna sindano ya jicho. Kidude cha waya kinazuia kope. Kikombe kidogo kinalinyonya jicho, unasikia mkandamizo mzito, na kwa sekunde kama 20 dunia inazimika. Hapo nilishika nguo ya muuguzi na kusoma nilichojaliwa kukisoma. Leza ya kwanza inakata kifuniko chembamba cha konea, kikibaki kimeshikana upande mmoja. Daktari akakifunua taratibu, kama mama anavyobandua manda za sambusa zilizoshikana, bila kuchana. Kisha unatazama taa ya kijani inayocheza, na leza ya pili inaanza kugonga, tak-tak-tak. Ukipepesa kidogo mashine inalifuata jicho, ukihama sana inasimama yenyewe. Hapo ndipo ile harufu, ya unywele uliogusa moto. Nilikuwa nimeambiwa, na bado moyo uliruka.

Hiyo harufu si ya kuungua. Leza hiyo, ya eksima, inavunja viungo vya chembechembe za konea na kuzirusha kama mvuke, bila kuchoma kilicho pembeni. Kwa mara ya kwanza ilijaribiwa kwenye nyama mwaka 1981 Marekani, Rangaswamy Srinivasan wa kampuni ya IBM alipoleta kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu yao na kuona mkato unatoka safi, hauna ukingo mweusi. Mama alipenda hadithi hiyo kuliko maelezo yote ya daktari.

Kifuniko kikarudishwa, kikalainishwa kwa kitu kama brashi ndogo. Hakishonwi. Jicho la pili likafuata. Saa tano za mwanzo zilikuwa mbaya: macho yalichoma kama yamepakwa kitunguu na pilipili, machozi hayakatiki. Nililala. Asubuhi nilisoma herufi za ukutani mpaka mstari wa chini isipokuwa herufi mbili.

Kilichonishinda ni kuishi baada ya pale, na hapa huduma yao inapungua. Wao wamezoea watu wa mjini. Nilipewa karatasi ya masharti isiyojua mtu kama mimi. Wanja haukutajwa, nilipouliza, ndipo daktari akasema mwezi mzima usikaribie, na ule wa zamani niutupe. Kutawadha hakukutajwa; maji yasiingie machoni siku za mwanzo, nikamuuliza mwalimu wetu wa madrasa, akanielekeza. Bahari hakuna wiki kadhaa. Ngao za plastiki usiku, ili usijifikiche usingizini ukasogeza kifuniko. Na matone: ya kuua vijidudu, ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) na ya machozi. Ya steroidi ndiyo ya kuogopa. Ukiyaendeleza peke yako baada ya muda uliopangiwa yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuona, bila maumivu. Tafadhali msiazimane matone hayo. Ya machozi, vile vichupa vidogo visivyo na dawa ya kuhifadhi, sikuyapata Lamu. Yalipokwisha Kaskazi ilikuwa inavuma, macho yakawa kama yana mchanga, na nilisubiri siku nne mzigo ufike kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe. Nunueni ya miezi mitatu kabla hamjaondoka.

Usiku niliona duara kwenye kila taa. Nilipokwenda gatini kumpokea mume wangu, taa za mashua kila moja ilikuwa imevaa pete. Nililia, nikadhani nimeharibika. Nikapiga simu, wakapokea, wakanieleza, na mwezi wa tatu pete zilififia. Bado zipo kidogo nikichoka. Baadaye nilisoma utafiti wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, uitwao PROWL, kuhusu operesheni kama yangu, inayoitwa LASIK: kati ya watu ambao hawakuwa na dalili kama pete na mng'ao kabla ya operesheni, hadi asilimia 46 waliripoti angalau moja baada ya miezi mitatu, na hadi asilimia 30 ya wasiokuwa na macho makavu waliyapata. Zaidi ya asilimia 95 walisema wameridhika na kuona kwao, na chini ya asilimia 1 walizuiwa sana na dalili hizo katika kazi zao za kila siku. Takwimu hizo zote ni za kuambiwa mtu kabla, zile za asilimia 95 na zile za 46. Hospitali yangu ilinitajia ya kwanza kwa mdomo na ya pili ilikuwa kwenye fomu, kwa maandishi madogo.

Kuna wanaochanganya jambo hili na mtoto wa jicho. Bibi yetu alipotusikia tukiaga alisema kwa Kiamu chake, “Mato hayatezewi, mwanangu,” yaani macho hayachezewi, akikumbuka alivyotolewa mtoto wa jicho yeye. Ile ni lenzi ya ndani iliyoingia ukungu, inatolewa na kuwekwa nyingine, na mzee anayeihitaji asicheleweshwe. Hii ya kwangu ni hiari, jicho halikuwa gonjwa. Kwa hivyo mtu ana haki ya kusubiri: aliye chini ya miaka 18, ambaye nambari yake imebadilika ndani ya mwaka, mjamzito, anayenyonyesha. Binamu yangu ananyonyesha, aliambiwa arudi baadaye. Na kwa wavuvi na wapanda pikipiki, wanaoweza kupigwa jichoni, ulizeni ile ya PRK isiyokata kifuniko. Inauma siku nyingi zaidi na kuona kunarudi polepole, ila hakuna kifuniko cha kusogea.

Nililipa shilingi 140,000 macho yote mawili, uchunguzi mbali, na bima haikunisaidia kitu. Ongezeni nauli, wiki moja ya kulala Nairobi kwa ajili ya kukaguliwa siku ya pili na ya saba, na wiki tatu bila kazi. Hospitali ile naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya karatasi yao ya masharti na matone.

Kazi nimerudi. Mkono wa bibi harusi sasa nauweka juu ya mto, mbali kidogo, na taa nimeongeza moja. Ninja naivaa asubuhi mpaka usiku bila mvuke. Mdogo wangu hajafikicha macho tangu siku ile. Akiwashwa anakamata mikono yake mwenyewe. Kipimo chake cha pili kiliahirishwa na mvua iliyokata barabara, sasa ni Jumatano ijayo. Nimemkatia tiketi ya dirishani, upande usiopigwa na jua, na matone yake yako kwenye mkoba wangu.